Mizani ya Mlango wa Magharibi

Alikuja mtu na saa ya kubonyeza,
shati la pasi, viatu vyeupe kwa nusu saa tu.
Meneja akasema: huyu atatuonyesha
wapi muda wetu unavujia.
Tukamtazama kama mgonjwa amtazamavyo
jirani aliyekuja na kipimo cha sanda.

Siku tatu alimfuata Semkiwa na toroli lake:
kutoka mashine ya kubana hadi kwenye mizani,
kutoka kwenye mizani hadi kwenye rundo,
kutoka kwenye rundo hadi kwenye lori
lililoegeshwa ubavuni mwa mashine ya kubana,
palepale tulipoanzia.
Akaandika. Hakucheka.
Mtu huyu, akasema, kila siku anakwenda Pongwe kwa miguu,
na jioni mnamkuta hapahapa Gofu.

Mimi ni karani. Daftari hili nimekaa nalo miaka kumi na tisa.
Robota ngapi, daraja gani, kilo ngapi,
nani kachelewa, nani kaazima ya kesho.
Hatua sikuwahi kuziandika.
Hatua hazina safu.

Siku ya nne akauliza swali moja:
Kwa nini mizani iko kule?

Meneja akamtazama msimamizi,
msimamizi akanitazama mimi,
mimi nikalitazama daftari,
nalo likakaa kimya kama mkwe ukweni.

Aliyejua ni Mishi, mfagiaji.
Ni kwa ajili ya treni, alisema.
Treni gani?
Akausukuma mlango wa magharibi kwa bega,
kutu ikalia,
na nje tukaona nyasi za kufika kiunoni,
mbuzi wa mtu,
vyuma viwili vya reli vinakwenda zao
bila kubeba chochote.

Kumbe.
Miaka yote hiyo tulikuwa tukiipelekea mkonge
treni iliyoondoka
Semkiwa hajaota ndevu.

Mngeniuliza, Mishi akasema, na hakusema kwa hasira.
Akapiga ufagio chini. Vumbi huwa halikai hapa.
Tukainama. Saruji imelika,
mifereji miwili ya magurudumu, kidole kinalala ndani,
kutoka mashine hadi mizani, moja kwa moja.
Sakafu ilikuwa ikiandika malalamiko yake
na sisi tukipita juu ya barua.

Jumamosi: boliti nne, spana ya kuazima gereji,
chai ya tangawizi, matusi kidogo.
Mizani ikahamia mlango wa mashariki.
Jumatatu robota sitini zikapimwa na kupakiwa
kabla ya adhana ya adhuhuri,
kazi iliyozoea kutukutanisha na alasiri.
Semkiwa alikata kona ya kushoto mara tatu, toroli limejaa,
akasimama mbele ya ukuta mtupu.
Miguu ilikuwa haijapata taarifa.
Tulicheka mpaka singa zikatupalia.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mimi ni karani,
na mwisho wa mwezi orodha ya vibarua ilirudi kutoka ofisini
kumi na wanne wamekuwa kumi na mmoja.
Niliinakili kwa mkono huuhuu.
Hoza hayumo. Mbelwa hayumo.
Hayumo yule kijana wa Mabokweni
aliyekuwa akisukuma huku anapiga mluzi,
mluzi mrefu kama njia yenyewe.

Simlaumu mtu wa saa.
Njia ile ilikuwa ujinga, nami niliutia sahihi kila jioni.
Ila ujinga ule ulikuwa unapika sufuria tatu,
na hilo, mizani tuihamishie mlango gani
ili itusomee?

Mishi bado anafagia njia ya zamani.
Siku hizi vumbi linakaa.
Nami nimepiga rula safu mpya katika daftari,
upande wa kulia kabisa, nyembamba.
Haijapata kichwa.
Kila jioni naishikia kalamu,
kisha nafunga.